Lugha ya Chatu Imetukaushia Tangi

Idara ya Maji ya Mji,
Chumba cha Hesabu, ghorofa ya pili, mlango unaofuata choo.
Jumamosi.

Kwa Ndugu Katibu wa Baraza la Lugha,

KUHUSU: OMBI LA KUICHUKULIA HATUA ZA NIDHAMU LUGHA YA KOMPYUTA INAYOKATAA KUWA TANGI LETU LINA MAJI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya na mwenye subira, hasa subira. Mimi ni mhandisi wa hesabu za maji katika idara iliyotajwa hapo juu, na nimekitumikia chumba hiki tangu kompyuta zilipokuwa kubwa kama kabati la nguo. Si mtu wa malalamiko. Sijawahi kulalamika popote, ukiacha yale ya feni, ya kiti na ya mlango wa choo.

Nakuandikia wewe, si polisi wala si wizara, kwa sababu kinachogombana hapa ni lugha na lugha. Niliuliza ni nani anayesimamia lugha za kompyuta, nikaambiwa hakuna, kila mtu anajitungia yake na kuiachia mitaani. Jamani! Mbwa tu wana sheria zao. Nikaona Baraza lako ndilo linalohusika na lugha, na lugha ni lugha.

Nieleze kidogo kazi yetu. Juu ya kilima nyuma ya hospitali kuna tangi, na maji ya tangi hilo yanashuka moja kwa moja wodi ya wazazi. Chumba chetu kinabashiri maji yatakuwa na kina gani kila wakati wa siku, ili meneja apange pampu ziwashwe lini na zizimwe lini. Hatupandi juu kuchungulia, maana ngazi ilioza. Tunatumia milinganyo tofautishi. Usishtuke na jina, Ndugu Katibu. Ni hesabu inayosema: maji yanaingia kiasi hiki, yanatoka kiasi hiki, basi baada ya muda mfupi yatabaki kiasi hiki, kisha unarudia, na kurudia, mpaka siku iishe. Mtu angeweza kuifanya kwa kalamu kama hana watoto wala haja ya kulala. Sisi tunaiachia kompyuta, na hilo tangi la ndani ya kompyuta ndilo tunaloliamini.

Kompyuta nayo haielewi mpaka uiandikie kwa lugha yake, na hapo ndipo mkosi ulipoingia. Mimi naandika kwa lugha kongwe ambayo ofisini wanaiita ya Wazee. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anafanya kazi meza ya pili na analala chumba cha nyuma nyumbani kwangu, anaandika kwa lugha ya kisasa ambayo jina lake la kigeni maana yake ni chatu. Simsingizii mtu. Waliiita hivyo wenyewe, na akili zao timamu.

Tangi ni moja. Milinganyo ni ile ile. Ratiba ya pampu ni ile ile. Lugha ya Wazee inasema maji yana kina cha mita nne asubuhi, mchana na jioni. Chatu inasema kila asubuhi, wodini wanapoanza kufua mashuka na kuogesha watoto, tangi linakauka likabaki vumbi. Meneja amesema hawezi kuwa na matangi mawili juu ya kilima kimoja. Jumatatu kikao kitakaa kuamua kama mkataba wa shemeji uvunjwe kwa kosa la kueneza hofu, na mimi ndiye shahidi. Kabla sijafika huko naomba usikie malalamiko yangu, ambayo nimeyapa namba ili yasisukumane.

1. Chatu haijui kuhesabu. Kitu cha kwanza inakiita sifuri, cha pili ndiyo inakiita moja. Tuna pampu mbili. Kwenye karatasi za shemeji kuna pampu sifuri na pampu moja. Mwendesha pampu alipoletewa karatasi ya kuwasha pampu sifuri, alivuta kiti akanywa chai, kwa maelezo kwamba ameagizwa asiwashe kitu. Sikumlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kwanza kwetu, na naomba Baraza limfikirie mama yangu akiambiwa kwamba uchungu wote ule alimzaa sifuri.

2. Chatu ina kisirani. Ukiacha nafasi ndogo ya ziada mwanzoni mwa mstari, nafasi tupu isiyo na neno ndani yake, inasusa kazi nzima. Nimemwona shemeji ameshika tama anatafuta kosa, na kosa lenyewe halionekani kwa kuwa ni mahali ambapo hakuna kitu. Lugha gani hii inayokasirikia kimya? Ni kweli kwamba Lugha ya Wazee nayo inadai nafasi sita tupu kabla hujaandika lolote, lakini hiyo ni heshima.

3. Ubaguzi wa herufi. Kwa Chatu, "Tangi" na "tangi" ni vitu viwili visivyojuana hata kwa sura. Shemeji alipoteza asubuhi nzima akilijaza Tangi la herufi kubwa huku akilinyonya maji tangi la herufi ndogo. Lugha ya Wazee haina makuu, kwake mkubwa na mdogo wote sawa.

4. Sasa tufike penye kidonda. Usidhani sisi ni watu wa kukurupuka. Tulilitafuta kosa pamoja, mimi na shemeji, tena kwa adabu zote, kwenye meza ya chakula nyumbani. Kwanza tulibadilishana kompyuta, yangu ikaendesha Chatu na yake ikaendesha Wazee. Majibu hayakubadilika. Tukasomeana milinganyo kwa sauti, mstari kwa mstari, kama watu wanaohakiki mirathi. Ilikuwa sawasawa. Kisha shemeji akasema tufupishe hatua, yaani badala ya kuhesabu maji kila baada ya nusu saa tuhesabu kila dakika, kwa sababu hatua ndefu huweza kuruka mambo yanayotokea katikati. Tukafupisha. Mstari wake ukawa laini zaidi lakini ukaenda chini vilevile. Wangu haukutikisika hata unywele.

Nikamwuliza: kati ya shahidi anayeyumba na shahidi asiyebadili maneno hata umhoji vipi, utamwamini nani? Akanijibu, "Shem, shahidi asiyebadili jibu hata ukimwuliza jina la mama yake, huyo amekaririshwa." Nikaliacha lipite kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ananimiminia chai.

Ungeiona grafu yangu, Ndugu Katibu, ungefurahi. Ni mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Meneja ameutia kwenye fremu na kuutundika nyuma ya kiti chake, na wageni wakija wanapiga nao picha. Ofisini siku hizi naitwa Mzee Mstari, jina ambalo sikuliomba lakini silikatai. Grafu ya shemeji inapanda na kushuka kama chati ya mgonjwa wa homa. Nani atatundika homa ukutani?

5. (Hili linamhusu mke wangu, kwa hiyo naomba lisomwe kwa sauti ya chini.) Mke wangu ni mkunga katika wodi hiyo hiyo. Wiki hii nzima anarudi nyumbani amenuna, anadai kwamba asubuhi mabomba ya wodini yanatoa upepo. Anadai kuna mama aliyekaa na mtoto mchanga amemfunga shuka, hajaoshwa, damu imemkaukia kichwani, mpaka yeye mkunga mwenyewe alipobeba ndoo kwenda kuomba maji nyumba za jirani. Nilimwonyesha mstari. Nilimweleza kwa upole kwamba wakati bomba linatoa upepo huo, juu ya kichwa chake kulikuwa na mita nne za maji, kimahesabu. Mke wangu akaniuliza kama hizo mita nne zinaweza kuletwa wodini ndani ya fremu yake. Tangu hapo hatusemezani. Salamu zetu tunazipitisha kwa shemeji, ambaye nashuku anazitafsiri kwa Chatu, maana zikifika kwangu zimekauka.

Sisemi mke wangu ni mwongo. Nasema ameambukizwa. Mtu akiishi nyumba moja na lugha inayosema tangi ni kavu, mwishowe ataona ndoo tupu kila kona. Na kama Chatu inaweza kukausha bomba la hospitali kwa kulitamka tu, basi hili si suala la idara yangu tena, ni suala la usalama wa raia.

7. (Namba 6 nimeifuta mwenyewe baada ya kutafakari. Ilimhusu mama mkwe.) Lalamiko hili la mwisho ndilo lililoniinua kitini kuja kukuandikia. Mwezi uliopita Baraza lako lilitoa wito kwamba wataalamu tukitumie Kiswahili katika kazi zetu. Sikuona haya, nilitokwa na machozi. Programu yangu niliirithi kwa mtangulizi wangu, na ilikuwa imejaa majina ya kigeni: kila kinachoingia tangini na kila kinachotoka kimepewa jina la ng'ambo. Siku ile ile niliyang'oa yote nikapanda yetu. Kina. Matumizi. Mvujo. Ujazo. Sikugusa kitu kingine chochote. Na tangu siku hiyo ndipo mstari uliponyooka! Kabla ya hapo ulikuwa ukiyumba kama wa shemeji. Sina haja ya kukufafanulia mtu kama wewe: kompyuta ilikuwa na wasiwasi wa ugeni, ilipoitwa kwa lugha ya nyumbani ikatulia. Meneja alipouona mstari hautikisiki, mwanzoni mwa wiki hii akaagiza pampu za alfajiri zizimwe, maana tangi lisilopungua la kujazia nini.

Sasa sikia alichosema shemeji, mbele ya dada yake: "Shem, kilichobadilika ni majina tu. Kwa hiyo kilichoharibika kimeharibiwa na majina. Jaribu moja moja, utalikuta."

Lahaula! Yaani Kiswahili ndicho kimeharibu! Kiswahili hiki hiki alichobembelezwa nacho! Damu ilinipanda, Ndugu Katibu, sikufichi. Nilimwambia aondoe kompyuta yake kwenye meza yangu. Akaiondoa. Sasa anafunga mizigo yake chumba cha nyuma, taratibu, anakunja nguo moja baada ya nyingine bila kelele, na huko kutopiga kelele kumeniudhi kuliko angenitukana.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Baraza liiite Chatu ije ijieleze, na isipofika ihukumiwe bila kuwepo. Lugha zote za kompyuta zinazoingia mjini zipimwe kwanza ngeli, kama dereva anavyopimwa macho. Baraza litangaze rasmi kwamba kina cha tangi letu ni mita nne, na kwamba neno "kavu" lisitumike juu ya tangi hilo na mtu yeyote, awe mkunga au mzazi. Upepo unaotoka bombani, kwa kuwa wodi inasisitiza kuwa upo, upewe istilahi sanifu ya "maji mepesi", ili wagonjwa wasipate hofu bure. Nami niandikiwe barua ya kuunga mkono ushahidi wangu dhidi ya shemeji, iwe na mhuri unaosomeka.

Ombi langu la mwisho ni la furaha. Neno lililoyatuliza maji yale linastahili tuzo. Sijui bado ni lipi kati ya yale niliyoyapanda. Kwa hiyo nitayabadili moja moja, niendeshe hesabu kila mara, nione mstari unashikiliwa na neno gani hasa. Nikilipata nitaliambatanisha hapa, Baraza lilitangaze kuwa neno la mwaka. Kama kuna cheti cha aliyelipanda, meneja anayo fremu ya ziada.

Nisalimie wajumbe wote wa Baraza, karani wako, na wale wanaokaa na kamusi mchana kutwa wakigombania herufi moja; waambie tupo wengi. Mke wangu naye anakusalimu. Sijapewa salamu hizo, ila najua angezitoa kama tungekuwa tunaongea.

Ni mimi wako, katika kukuza lugha na kutunza maji,

Mhandisi wa Hesabu (Mzee Mstari)

Nakala: Meneja, Idara ya Maji.
Ubao wa matangazo, ghorofa zote.
Mama mkwe, kwa taarifa.

Tanbihi, Jumapili:

Nakala zimeshasambaa, kwa hiyo barua siwezi kuirudisha mfukoni. Naomba tu usome na kipande hiki kabla hujaita mtu.

Nilikaa kulitafuta lile neno la tuzo. Nilibadili jina moja nikaendesha hesabu, nikabadili jingine nikaendesha. Nilipoyaita matumizi "utumiaji" na kina nikakiita "urefu", mstari ulianguka. Ulianguka asubuhi, mpaka chini, pale pale unapoangukia wa shemeji. Nikarudisha maneno ya mwanzo, ukanyooka. Nikayaondoa tena, ukaanguka.

Ndipo nikaikumbuka desturi moja ya Lugha ya Wazee niliyofundishwa ujanani na nisiyowahi kuihitaji, kwa kuwa majina ya mtangulizi wangu yalikuwa hayaigusi. Usipoiambia vinginevyo, lugha ile hutazama herufi ya kwanza ya jina. Jina likianza na herufi yoyote kuanzia I hadi N, kitu hicho kitahesabiwa kwa uzima wake tu: moja, mbili, tatu. Nusu haipo. Robo tatu haipo. Kinachozidi kinatupwa, na haikwambii. Wewe ni mtu wa ngeli, utakuwa umeshanielewa. K, M na N! Nusu ya Kiswahili inaingilia mlango huo. Kwa nusu saa wodi haimalizi mita nzima ya maji, hivyo matumizi yao yote yaliandikwa sifuri. Kila beseni la kuogeshea mtoto, sifuri. Pampu zilipoongeza maji kidogo, kina kikakata hicho kidogo na kurudi nne. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa kwa tangi ambalo hakuna binadamu anayelitumia, na meneja amelitundika ukutani.

Kiswahili hakina kosa, wala Chatu haina. Shemeji alikuwa akisema kweli tangu mwanzo, na yule mtoto aliyekaukiwa damu kichwani alikaukiwa kwa sababu yangu. Nimempigia simu mwendesha pampu awashe zote mbili, na sikumwuliza anaziitaje. Kesho kikaoni nitatoa ushahidi kama nilivyoahidi, ila utakuwa juu yangu. Malalamiko yote hapo juu nayafuta, isipokuwa la pampu sifuri, ambalo bado naliona lina uzito.

Limebaki jambo moja, na nalo ni la lugha. Nimesimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma nikashindwa kugonga. Mabegi yameshatolewa nje. Nilitaka kusema samahani, nikagundua kwamba neno hilo linaanza na S, na kwa lugha yangu S hukubali vipande. Ndiyo maana maisha yangu yote samahani nimezitoa robo robo, na nyingine nikaziachia njiani. Msamaha unaanza na M. Huo ama mzima, ama sifuri. Ninaenda kuuomba huo, na mke wangu, ambaye amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya fremu, amesema atasimama nyuma yangu nisije nikaukata.